Mlinzi wa Pumzi: Kazi ya Daktari wa Usingizi Chini ya Mlima Meru

Hewa anayoivuta mkazi wa Arusha ni nyepesi kuliko ile anayoivuta mkazi wa Tanga. Mji wa Arusha umejengwa katika kimo cha mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, miguuni pa Mlima Meru, na katika kimo hicho mgandamizo wa hewa hushuka kutoka milimita 760 za zebaki, kama ulivyo pwani, hadi milimita zipatazo 640. Sehemu ya oksijeni katika hewa hiyo haibadiliki. Ni ileile asilimia 21. Kinachopungua ni wingi wa hewa yenyewe, hata katika kila lita moja mtu hupata chembe za oksijeni pungufu kwa kadiri ya asilimia 15. Kileleni mwa Meru, mita 4,562, mgandamizo huwa karibu milimita 430 tu, na mpanda mlima aliyezoea kupumua bila kufikiri huanza kuzihesabu pumzi zake.

Mkulima wa kahawa wa Nkoaranga na mchuuzi wa soko la Kilombero hawana haja ya kuyajua hayo, kwa kuwa miili yao imekwisha kuizoea hewa ya mahali pao. Yuko, hata hivyo, mtu mmoja asiyeweza kuyasahau hata siku moja. Kazi ya mtu huyo ni kumwondolea mwenzake fahamu, na mara nyingi hata uwezo wa kupumua, kwa makusudi na kwa ridhaa yake. Kisha kupumua kwa niaba yake muda wote ambao kisu kinafanya kazi. Na mwisho kumrudishia pumzi yake kamili kama alivyoikuta. Huyo ndiye daktari wa usingizi.

Usingizi usio usingizi

Kiswahili kina neno la zamani la dawa hizi, nalo ni nusukaputi. Kwa sababu neno hilo limeanza na "nusu", wako wagonjwa wanaoamini kwamba mtu aliyepewa dawa amekufa nusu, na kwamba kurudi au kutorudi ni bahati. Madaktari wengi wa siku hizi hupendelea kusema "usingizi". Neno hili ni la upole zaidi, lakini kwa upande wa sayansi nalo halisemi kweli yote. Aliyelala usingizi wa kawaida akichomwa na mwiba huamka. Akibanwa na pumzi hugeuka upande. Aliyepewa dawa hafanyi lolote kati ya hayo. Ulimi wake unaweza kulegea na kuanguka nyuma ukaziba njia ya hewa, naye asijue. Mate au matapishi yanaweza kuingia mapafuni, naye asikohoe.

Hali hii imesimama juu ya mafiga matatu: kupoteza fahamu, kutosikia maumivu, na kulegea kwa misuli. Zamani dawa moja ililazimishwa kuyabeba yote matatu, na kwa hiyo ilipasa itolewe kwa wingi unaokaribia kuudhuru moyo. Siku hizi kila figa lina dawa yake, na kila moja hutolewa kwa kiasi kidogo. Mabadiliko haya yaliwezekana baada ya mwaka 1942, wakati Harold Griffith wa Montreal, Kanada, alipotumia katika upasuaji dawa iliyotokana na kurare, sumu ya mishale ya watu wa misitu ya Amerika ya Kusini. Kurare hulegeza misuli bila kuugusa ubongo. (Sumu ya mishale ya Afrika Mashariki, ile itokanayo na miti ya jamii ya Acokanthera, haifai kwa kazi hii: yenyewe huushambulia moyo.) Faida ya kurare ni kubwa, na hatari yake ni dhahiri, maana misuli ya kupumua nayo ni misuli. Tangu siku hiyo daktari wa usingizi hakuwa tena mpimaji wa dawa tu. Alilazimika kuwa mapafu ya mtu mwingine.

Historia kwa ufupi

Tarehe inayokumbukwa zaidi ni 16 Oktoba 1846. Siku hiyo katika hospitali moja ya Boston, Marekani, William Morton alimvutisha mgonjwa mvuke wa etha, na daktari akaondoa uvimbe shingoni bila mgonjwa kupiga kelele. Kabla ya hapo sifa ya daktari wa upasuaji ilikuwa haraka ya mkono wake. Haifai, hata hivyo, kuwasahau Wajapani: Hanaoka Seishu alikwisha kufanya upasuaji wa saratani ya titi mwaka 1804 kwa kumnywesha mgonjwa dawa ya mitishamba iliyomlaza kabisa.

Mwaka 1847 James Simpson wa Edinburgh alileta klorofomu, iliyokuwa tamu kuvuta na nyepesi kutumia kuliko etha. Haukupita mwaka mzima, na mnamo Januari 1848, kaskazini mwa Uingereza, msichana wa miaka 15 aitwaye Hannah Greener alifariki akipewa klorofomu. Alikuwa amekwenda kuondolewa ukucha wa kidole cha mguu. Kifo hicho kilifundisha jambo ambalo kila mwanafunzi wa fani hii hufundishwa hadi leo: yako magonjwa madogo na uko upasuaji mdogo, lakini hakuna usingizi mdogo.

Mtu wa kwanza kuifanya kazi hii kwa vipimo, badala ya kukisia, alikuwa John Snow wa London. Wanafunzi wa afya humjua kwa uchunguzi wake wa kipindupindu na kisima cha maji mwaka 1854. Wachache huambiwa kwamba riziki yake aliipata kwa kutoa etha na klorofomu, na kwamba mwaka 1853 ndiye aliyempa klorofomu Malkia Victoria alipokuwa akijifungua.

Maswali ya asubuhi

Siku ya kazi huanza wodini, si katika chumba cha upasuaji. Katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru, katika hospitali ya Kilutheri mjini, au kule Nkoaranga mlimani na Selian upande wa Ngaramtoni, mgonjwa atakayepasuliwa hana budi kwanza kuonwa na mtu wa usingizi. Maswali yake humshangaza mgonjwa. Amevunjika mguu kwa ajali ya bodaboda, naye anaulizwa kama hukoroma usiku. Ana uvimbe wa tezi, naye anaambiwa apande ngazi ili ionekane kama atatweta. Huulizwa kama yuko ndugu yake aliyewahi kupatwa na matatizo baada ya kupewa nusukaputi, maana mengine ya matatizo hayo hurithiwa. Huulizwa kuhusu dawa za mitishamba. Swali hili hujibiwa kweli pale tu linapoulizwa kwa heshima na bila dharau. Bibi wa Kimaasai aliyetoka Longido, akizungumza kwa msaada wa mjukuu wake, hatataja alichokunywa mbele ya mtu anayecheka.

Swali kubwa kupita yote ni la chakula. Mgonjwa hapaswi kula chakula kizito kwa saa 6 kabla ya usingizi, na maji matupu mwisho ni saa 2. Bakuli la loshoro aliloletewa alfajiri na shangazi mwenye huruma linatosha kuahirisha upasuaji wa siku nzima, na jamaa huona kwamba hospitali ina roho ngumu. Sababu ni ile iliyokwisha kutajwa: mtu asiye na fahamu hawezi kukohoa, na chakula chenye tindikali ya tumbo kikiingia mapafuni huunguza.

Baada ya maswali huja macho na mikono. Mgonjwa huambiwa afunue kinywa kadiri awezavyo, atoe ulimi, na ainue kidevu kuelekea dari. Kwa ishara hizi daktari hukadiria kama bomba la pumzi litapita kwa urahisi. Hapa eneo la Meru lina jambo lake la pekee. Maji ya chemchemi na mito mingi inayotoka katika miamba ya volkano ya mlima huu yana floridi nyingi, mahali pengine mara kadhaa ya kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Na ndiyo maana meno ya kahawia ni ya kawaida katika vijiji vya upande wa Maji ya Chai, na ndiyo maana kituo cha utafiti wa kuondoa floridi katika maji kikajengwa Ngurdoto. Meno ni alama ya nje tu. Aliyekunywa maji hayo kwa miaka mingi huweza kuathirika mifupa: kano za uti wa mgongo hukakamaa na hata kugeuka mfupa. Shingo ya namna hiyo haikunjiki vema wakati wa kupitisha bomba, na mgongo wa namna hiyo huikataa sindano. Kwa hiyo mzee wa Kimeru anapotabasamu, daktari makini hutazama meno yake, kisha humwomba ageuze shingo.

Akiba ya dakika mbili

Msomaji na achukue saa, avute pumzi ya kawaida, aitoe, kisha asivute tena. Hewa inayobaki mapafuni mwa mtu mzima baada ya kutoa pumzi ya kawaida ni kama lita 2.5. Oksijeni iliyomo humo haifiki nusu lita, na mwili uliotulia hutumia mililita zipatazo 250 kwa dakika. Akiba hiyo, basi, haimalizi dakika mbili, na katika kimo cha Arusha ni pungufu zaidi kuliko pwani. Lakini mgonjwa akivutishwa oksijeni tupu kwa dakika 3 kabla ya kulazwa, naitrojeni iliyokuwa mapafuni hutoka, na nafasi yake huchukuliwa na oksijeni. Akiba huzidi lita 2, na dakika mbili huwa zaidi ya saba. Hakuna dawa wala mashine ya gharama inayonunua muda mwingi kiasi hicho.

Muda huo ndio unaotumika kupitisha bomba. Daktari huingiza kinywani chombo chenye taa, huinua ulimi, huzitafuta nyuzi za sauti, na kupenyeza bomba katikati yake hadi ndani ya koo la hewa. Nyuma yake tu uko umio, njia ya chakula, na bomba likiingia huko kila pumzi ya mashine huenda tumboni. Kosa hili limewahi kutokea katika nchi zote, kwa mabingwa na kwa wanagenzi. Anayekosea hahukumiwi kwa kukosea, bali kwa kuchelewa kutambua. Njia ya hakika ya kutambua ni kupima hewa inayotoka: hewa ya mapafuni huwa na kaboni dioksaidi, pumzi baada ya pumzi, ile ya tumboni huwa haina.

Kwa mama mjamzito hesabu ni kali zaidi. Mimba huyabana mapafu kutoka chini hata akiba ikapungua kwa kadiri ya sehemu moja kwa tano, na wakati huohuo matumizi ya oksijeni huongezeka kwa kadiri hiyohiyo. Ndiyo maana kwa upasuaji wa kujifungua wataalamu huikimbilia sindano ya mgongo kila inapowezekana.

Fizikia ya chupa ya mvuke

Dawa nyingi za usingizi ni vimiminika vinavyogeuka mvuke kwa urahisi. Baada ya etha na klorofomu ilikuja halotheni, iliyotengenezwa nchini Uingereza mwaka 1951 na kuanza kutumiwa kwa wagonjwa mwaka 1956. Kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa dawa kuu katika Afrika Mashariki, na katika hospitali nyingi nafasi yake imechukuliwa na isoflureni. Mvuke wa dawa hutolewa kwa chombo maalumu ambacho huugawa mkondo wa hewa katika njia mbili: moja hupita juu ya dawa na kushiba mvuke, nyingine hupita pembeni ikiwa tupu. Kifundo cha chombo huamua kila njia ipate kiasi gani, na mikondo hiyo miwili hukutana tena kabla ya kumfikia mgonjwa.

Hapa pana fumbo linalofaa kuwekwa mbele ya wanafunzi wa kidato cha tano. Kifundo kikisimama kwenye asilimia 1 huko Tanga, mgonjwa hupata mvuke wenye mgandamizo wa milimita 7.6, yaani moja kwa mia ya 760. Je, Arusha, ambako hewa yote ina milimita 640, daktari aongeze dawa? Wengi hujibu ndiyo. Jibu sahihi ni hapana. Mgandamizo wa mvuke ulioshiba hutegemea joto la kimiminika peke yake, hautegemei mgandamizo wa hewa ya nje. Halotheni yenye joto la sentigredi 20 hutoa mvuke wa milimita 243, iwe pwani au mlimani. Arusha mvuke huo huwa sehemu kubwa zaidi ya hewa iliyo nyepesi, na kifundo kilekile hutoa karibu milimita 7.6 zilezile, ingawa sasa hizo ni asilimia 1.2. Ubongo nao hauhesabu asilimia, huhesabu mgandamizo. Kwa hiyo chombo hujirekebisha chenyewe bila mtu kukigusa. Mambo huwa kinyume kwa naitrasi oksaidi, gesi inayotoka mtungini na kupimwa kwa asilimia: nusu ya 640 ni ndogo kuliko nusu ya 760, na nguvu ya gesi hiyo hupungua kila daktari anapopanda mlima.

Kanuni ileile ndiyo inayofanya maji ya chai yachemke Arusha kwa sentigredi zipatazo 95, na etha, ambayo pwani huchemka kwa sentigredi 34.6, ichemke kwa karibu 30. Mwalimu mwenye kipimajoto kizuri anaweza kulionyesha jambo hili kwa sufuria ya maji. Na shule itakayopanda Meru na kulala katika kibanda cha mita 3,570 itaona maji yakichemka kabla ya kufika sentigredi 90, na maharage yakikataa kuiva.

Joto nalo lina hila yake. Kimiminika kinachogeuka mvuke hupoa, kama spiriti inavyoupoza mkono, na kinapopoa hutoa mvuke mchache. Asubuhi za Juni na Julai, ukungu wa Meru unaposhuka hadi mjini na chumba cha upasuaji kikawa baridi, athari hiyo huongezeka. Chombo kilichoitwa EMO, kilichobuniwa Oxford na Epstein na Macintosh katika miaka ya 1950, kilitatua tatizo hili kwa kuzungushiwa maji yanayohifadhi joto. Kilikuwa na sifa nyingine iliyokifanya kipendwe katika hospitali za vijijini barani Afrika: hakikuhitaji umeme wala mitungi. Mgonjwa, au mvukuto ulio mithili ya ule wa mhunzi, uliivuta hewa ya chumbani ipite juu ya etha. Vyombo vya ukoo huo vingali na heshima yao popote umeme unapokatika.

Sindano ya mgongo

Mwaka 1898 August Bier wa Kiel, Ujerumani, alionyesha kwamba dawa ya ganzi ikitiwa katika maji yanayouzunguka uti wa mgongo, nusu ya chini ya mwili hupoteza maumivu na mgonjwa hubaki macho. Leo ndiyo njia inayotumiwa zaidi kwa mama anayejifungua kwa upasuaji. Mama huketishwa, huinama kama anayefua nguo mtoni, na sindano nyembamba hupita kati ya pingili za kiuno, chini ya mahali ambapo uti wenyewe hukoma. Dawa, kwa kawaida bupivakaini ya mililita 2 hivi, huwa imechanganywa na sukari ili iwe nzito kuliko maji ya uti, na kwa sababu hiyo hufuata mvutano wa dunia: akiketi huteremka, akilazwa husambaa. Mtaalamu huipima ganzi kwa pamba yenye spiriti. Mama akisema haoni baridi hadi karibu na chuchu, kazi inaweza kuanza.

Mashaka yako katika damu. Mishipa ya miguu na ya tumbo hulegea, damu hukaa chini, na shinikizo la damu linaweza kuanguka katika dakika chache. Mama huanza kupiga miayo, kisha kichefuchefu. Mtaalamu anayemtazama usoni hujua kabla ya mashine kusema. Humwinamisha ubavu wa kushoto ili mimba isiukandamize mshipa mkubwa, huongeza maji, na kutoa dawa ya kukaza mishipa. Mama aliyekwisha kupoteza damu nyingi, kwa mfano kwa kondo la nyuma lililojitenga, haifai kupewa sindano hii. Huyo mara nyingi hulazwa kwa ketamini, dawa iliyotengenezwa mwaka 1962 ambayo ina tabia adimu ya kuliinua shinikizo la damu na kumwacha mgonjwa akipumua mwenyewe. Baadhi ya wagonjwa huamka wakisimulia ndoto za ajabu. Ni gharama ndogo.

Mwanga upitao kidoleni

Chombo kidogo kinachobanwa kidoleni, oksimita, kilitokana na uvumbuzi wa mhandisi Mjapani Takuo Aoyagi katika miaka ya mwanzo ya 1970. Hupitisha aina mbili za mwanga, mwekundu na ule usioonekana ulio chini ya mwekundu. Damu yenye oksijeni na damu isiyo nayo huzimeza nuru hizo kwa viwango tofauti, na kutokana na tofauti hiyo, hasa ile inayopiga pamoja na moyo, chombo hukokotoa asilimia. Chini ya 90 hatari huanza, kwa kuwa kutoka hapo oksijeni ya damu huporomoka kwa kasi, kama njia inayotoka tambarare na kufika ukingoni mwa genge.

Lakini chombo hiki hakikusawazishwa hasa kwa ngozi nyeusi. Uchunguzi uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba wagonjwa weusi walikuwa na upungufu wa oksijeni ambao oksimita haikuuona karibu mara 3 ya wagonjwa weupe. Kwa nchi yenye wananchi weusi karibu wote, hili ni jambo la kupimwa na wanafizikia wake yenyewe. Hadi wafanye hivyo, mtaalamu wa Arusha anayeona 92 ana sababu ya kushuku kwamba ukweli uko chini yake. Naye huangalia rangi ya ulimi na ya midomo, huweka mkono juu ya mfuko wa pumzi, na kusikiliza.

Tanzania imekwisha kutoa mchango wake katika usalama wa upasuaji. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, ilikuwa moja ya hospitali 8 duniani zilizoijaribu, kati ya mwaka 2007 na 2008, orodha ya ukaguzi ya Shirika la Afya Duniani: maswali machache yanayosomwa kwa sauti kabla ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla ya mgonjwa kutoka. Huyu ni nani? Anapasuliwa wapi? Oksimita inafanya kazi? Damu ipo? Katika hospitali hizo 8 kwa jumla vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Orodha hiyo ni karatasi ya ukurasa mmoja.

Wanaoifanya kazi hii

Katika mwaka 1952 ugonjwa wa kupooza uliwashika watu wengi sana mjini Copenhagen, na mashine za kupumulia hazikutosha. Bjørn Ibsen, daktari wa usingizi, alipendekeza yafanyike wodini yale aliyokuwa akiyafanya katika chumba cha upasuaji: bomba litiwe kooni, na hewa isukumwe kwa mkono. Wanafunzi wapatao 1,500 walipokezana usiku na mchana wakiminya mifuko ya pumzi kwa majuma mengi, na vifo vikapungua sana. Wodi za wagonjwa mahututi zilizaliwa hapo, na kwa sababu hiyo katika hospitali kubwa daktari wa usingizi ndiye huitwa pia mtoto anapozaliwa hapumui, majeruhi wa barabara ya Moshi anapofikishwa hana fahamu, au mgonjwa wa saratani anapohitaji kutulizwa maumivu.

Shirikisho la ulimwengu la vyama vya wataalamu hao limependekeza nchi ziwe na madaktari wa usingizi wasiopungua 5 kwa kila watu 100,000. Sensa ya mwaka 2022 iliuhesabia Mkoa wa Arusha watu 2,356,255. Mwanafunzi akigawanya na kuzidisha atapata 118. Tanzania nzima ingali haijafikia hata daktari mmoja kwa kila watu 100,000. Sehemu kubwa ya kazi, kwa hiyo, imebebwa na kungali kukibebwa na wauguzi na maofisa wa tiba waliopata mafunzo ya ziada ya usingizi. Wengi wa kaskazini waliyapata katika hospitali ya KCMC, Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, kilomita 80 hivi kutoka Arusha. Katika hospitali ya wilaya saa nane za usiku, mama mwenye kifafa cha mimba akiletwa, daktari wa upasuaji akiwa tayari na damu ikiwa tayari, bila mtu huyo mmoja kisu hakiwezi kuanza.

Njia ya kuingia huanza kidato cha tano kwa Fizikia, Kemia na Baiolojia. Shahada ya udaktari huchukua miaka 5, mazoezi ya kazi mwaka 1, na baadaye shahada ya uzamili ya usingizi, kwa mfano Muhimbili, miaka 3. Njia ya uuguzi ni fupi zaidi: mwenye stashahada ya uuguzi aliyekwisha kufanya kazi huchaguliwa kwenda masomoni, na akirudi hukabidhiwa chumba cha upasuaji. Wote wawili hujifunza kwanza jambo moja kwa mikono yao, kabla ya dawa yoyote: kuinua kidevu cha mtu aliyelala, kubandika kinyago usoni bila hewa kuvuja, na kuminya mfuko mpaka kifua kiinuke.